Jengo Nililosema Huwa Tupu

Mwanangu, iko siku moja ambayo kila majira ya baridi yakiingia hunirudia, hata nikiwa nimejikalia tu na chai yangu. Umeniambia chama cha wasimamizi wa majengo kimekualika ukaeleze jinsi jengo lako lilivyopunguza matumizi ya gesi na umeme. Nimefurahi. Lakini nimechoka siku hizi, na mtu aliyechoka hazungushi maneno, kwa hiyo nikuambie yaliyonipata nikiwa na umri kama wako.

Nilikuwa nasimamia jengo la ofisi la ghorofa sita mjini Saint Paul, huku ughaibuni kwenye theluji. Wenye jengo walitaka tupunguze gesi. Nikaona njia rahisi: kila Ijumaa jioni nilishusha joto la jengo zima mpaka Jumatatu alfajiri. Wenye ofisi hawakuwapo, basi nani angelalamika? Alilalamika mmoja tu, Mama Kerubo, mama wa Kisii aliyekuja kila Jumamosi na wenzake wawili kupiga deki na kusafisha vyoo. Alinijia mara mbili kusema kwamba huko juu vidole vinakufa ganzi. Nikamwambia avae sweta mbili. Nilimjibu hivyo mtu wa umri wa mama yangu, tena macho yangu yakiwa kwenye simu.

Mwaka ule chama kikanialika kwenye mkutano wake, hotelini kule Roseville. Nilivaa suti, nikaonyesha mchoro wa gesi ikishuka, nikasema wikendi jengo letu huwa tupu. Nikapigiwa makofi, nikapewa cheti. Meza moja nami alikaa Mzee Karisa, mtu wa Kilifi aliyetunza maboila, mitambo ya kupasha majengo joto, miaka mingi, na ndiye aliyenitafutia kazi ile. Hakupiga makofi. Aliniuliza polepole ni nani husafisha jengo langu, na siku gani. Nikamjibu. Akasema kesho yake ni Jumamosi, angenipitia asubuhi.

Tulimkuta Mama Kerubo peke yake ghorofa ya nne, wenzake wakiwa ghorofa nyingine, amevaa koti la theluji na kofia, anakamua mopu. Pumzi yake ilionekana hewani. Vidole vilikuwa vimevimba, akamwomba Mzee radhi kwa kushindwa kumpa mkono. Mzee akavua glavu zake akampa, akashika mopu, nami nikachukua ndoo. Tulifanya kazi watatu mpaka ghorofa ile ikaisha.

Kisha Mzee akaniambia, "Baridi hii hukuiondoa, kijana. Umembebesha huyu mama, halafu ukaenda kupokea cheti."

Nilimwomba Mama Kerubo msamaha, nikamuuliza tufanyeje.

"Si tuanze chini tupande, mimi na wenzangu wawili pamoja, ghorofa moja moja," akasema. "Uwashe joto pale tulipo tu. Nilitaka kukuambia, lakini ulikuwa na simu."

Tukafanya hivyo, na gesi ilipanda kidogo tu. Ila yeye hakukaa. Kabla theluji haijayeyuka alikuwa ameshaacha kazi, maana viungo vya vidole vilikataa kabisa. Nilienda kumwona kwake Coon Rapids. Alinikaribisha vizuri, binti yake akawa anamshikia kikombe anywe. Hakunilaumu kwa neno hata moja. Nilitoka pale nimechoka kama niliyebeba boila mgongoni.

Mkutano uliofuata niliomba dakika tano, nikasema jengo halikuwa tupu, nikaeleza nani alikuwamo. Watu walitazama sahani zao. Tangu hapo nimekaa kwenye mikutano mingi ya kutunza mazingira, na bado namsikia mtu akisema wikendi jengo lao huwa tupu. Nimechoka kuinua mkono kuuliza, lakini nainua.

Mwanangu, kabla hujasimama mbele yao, nenda jengoni kwako saa zile ambazo wewe huwa hupo. Kaa na wanaofagia, waulize, kisha usikilize hadi wamalize, kwa sababu wao wanalijua jengo kuliko mchoro wako. Na ukitaja ulichookoa, taja pia ni nani aliyebeba gharama yake.

Mungu akupe macho ya kuwaona watu hao. Akupe na moyo wa kusema "nilikosea" mapema, wakati neno hilo bado linaweza kumsaidia uliyemkosea. Nenda salama, mwanangu.