Ungo Mlangoni kwa Nesi

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri msikilize. Siandiki ili mnihurumie, wala sina haja ya kusifu zamani. Nawaona tu mnavyomgongea mkunga wetu hapa kijijini saa yoyote mnayojisikia, naye macho yamemwiva kama pilipili.

Zamani kaya zetu zilikaa mbalimbali. Kumfikia jirani ulipita mashamba ya pamba na malisho, na ukikutana na mtu ulimsalimia sawasawa: yeye, watoto, ng'ombe, na mvua ya kwao. Nafasi ilikuwepo, watu wenyewe wachache. Ndipo tukahamia kijiji cha ujamaa, nyumba zikapangwa mistari kama watoto wa shule. Tulihama na mbuzi, mitungi na mawe ya kusagia. Salamu nazo tukahama nazo, urefu wake wote.

Nesi mkunga alikuwa mmoja tu, mgeni kutoka upande wa Tanga. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya zahanati, mlango unatazama njia ya kisimani. Usiku anazalisha, asubuhi anajilaza, na asubuhi ndipo wanawake wote wanakwenda maji. Kwetu kumpita mtu mlangoni kwake bila kumsalimia ni dharau. Na huyu aliyempokea mwanao akitoka tumboni, unampitaje kimya? Basi kila ndoo ilisimama pale.

"Mwangaluka, nesi."

"Mwangaluka."

"Umeamka mhola?"

Sasa ajibu nini, kwamba ni salama, mtu ambaye hata kulala hajalala?

Mimi nilikuwa na mimba ya nne. Ile ya tatu, kabla hatujahama, nilitoka damu mpaka watu wakaanza kutumwa kuwaita ndugu zangu. Kwa hiyo nesi yule nilimtazama kama mkulima anavyotazama wingu.

Siku moja ananipima. Akaweka kile kikopo cha kusikilizia tumboni, akatega sikio, akanyamaza. Nikangoja. Akazidi kunyamaza. Nikajua mtoto kafa. Kumbe nesi amelala, kichwa chake juu ya tumbo langu, anakoroma kidogo.

Nikamtikisa. "Mtoto anasemaje?"

Akashtuka, akasikiliza upya. "Anacheza huyu. Nisamehe, dada. Mwezi ujao naomba uhamisho. Kuzalisha naweza. Kuwaambia watu kila asubuhi kwamba nimeamka salama, hiyo imenishinda."

"Huhami," nikamwambia. "Labda baada ya huyu."

"Na baada ya huyu?"

"Nitabeba mwingine."

Akacheka, lakini nilimwona hakutania kuhusu kuhama.

Nikachukua ungo wangu wa kupepetea, nikautundika mlangoni kwake. Kisha nikapita nyumba kwa nyumba: ungo ukiwa mlangoni, nesi amelala, salamu zake nileteeni mimi, nyumba yangu iko njia hiyohiyo, nitamfikishia jioni.

Kesho yake akapita mama mkwe wangu na mtungi kichwani. Yule mama hakuwahi kumpita mtu, hata mbuzi wa watu aliwasemesha. Akauona ungo, akasimama, akainama kidogo.

"Mwangaluka, ungo," akasema kwa sauti yake yote. "Mwenyewe akiamka, mwambie nimepita."

Ndani nesi akaangua kicheko, usingizi wote ukaruka. Nikamkimbilia mama mkwe na tumbo langu.

"Mayu, umemwamsha."

"Mimi nimesalimia ungo. Yeye kaitikia kwa nini?"

Wengine wakaiga. Ungo ule ulisalimiwa kuliko mwenyekiti wa kijiji, ila kwa sauti ya chini, niliwasimamia mwenyewe. Jioni nesi alikuja kwangu nikampa salamu zake zote, za mtu mmoja mmoja, na ng'ombe wao. Nikimaliza, ugali wake umepoa. Alikula hivyohivyo. Akanenepa, akaanza hata kumtukana jogoo wangu kwa kuwika. Uhamisho hakuutaja tena.

Uchungu ulinishika mchana, wakati wa kuchuma pamba, wakanikimbiza zahanati. Mtoto akatoka vizuri, wa kike, na damu ikaanza kama mara ile. Lakini safari hii aliyesimama juu yangu alikuwa mtu aliyelala asubuhi nzima. Akanichoma sindano, akanikanda tumbo, akamfukuza mama mkwe mlangoni bila kugeuka. Damu ikasimama.

Aliporidhika na hali yangu, akaniachia mhudumu wa zahanati, akaenda kujilaza. Wa nyumbani kwangu wote wakajipanga nje kwenda kumshukuru: mume wangu, watoto, mama mkwe na jogoo mkononi. Nikawaita kutoka kitandani.

"Rudini hapa. Huyo jogoo mfungeni, shukrani haziozi. Ungo uko mlangoni. Hakuna mtu wa nyumba yangu atakayemsalimia yule mwanamke mpaka autoe mwenyewe. Na wewe pia, mayu."