Ng'ombe wa Mjomba

Siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyosifiwa kupita zote, na ndiyo iliyoniachisha kufinyanga. Nivumilie. Mzee ambaye safari yake ndefu siku hizi ni kutoka kitandani hadi barazani hana haraka ya kufika popote.

Nilikuwa darasa la tatu, tunakaa Mabatini. Mwalimu wa sanaa alitaka kila mmoja alete mnyama wa udongo, kazi ya mikono yake mwenyewe. Nikachimba udongo kando ya ziwa, nikafinyanga ng'ombe. Pembe moja iliizidi nyenzake, na miguu ya nyuma ilijikunja kama anayetafuta pa kukaa. Lakini alisimama. Nilimzunguka nikimtazama hadi nikasahau kula.

Jioni akaja mjomba. Alikuwa mtu wa huruma, na huruma ndiyo iliyoniponza. Akauliza kama yule ni ng'ombe au mbuzi mwenye homa, kisha akamchukua, eti amnyooshe kidogo tu. Miguu akaing'oa, pembe akazipanga upya, nundu akaipandisha. Alipomaliza, changu kilichobaki mle ni udongo.

Kesho yake mwalimu alimweka juu ya meza yake, darasa zima likapiga makofi. Nami nimesimama pale natabasamu, kama mtu aliyevaa suruali ya jirani. Wahenga walishasema, nguo ya kuazima haisitiri matako.

Nikapeleka sifa zangu kwa bibi, aliyekuwa akichambua dagaa. Akamgeuzageuza ng'ombe, akanirudishia.

"Huyu wa mjomba wako nimemwona, mzuri. Wako yuko wapi?"

"Yumo humo ndani, bibi."

"Basi mmemzika," akasema, akarudi kwenye dagaa wake.

Wiki iliyofuata tukaambiwa tufinyange palepale darasani. Mikono ikagoma. Kila nilichoshika nilikiona kibaya kabla hakijawa kitu. Nikasema naumwa tumbo, na tumbo hilo liliniuma kila kipindi cha sanaa mpaka namaliza la saba. Sekondari nilifika, usinidharau, ila hata ramani ya Tanzania nilichorewa na rafiki.

Juzi mjukuu wangu, Kabula, kaingia na ng'ombe wake wa udongo wa kupeleka shuleni, ng'ombe aliyeinama upande kama mlevi. Mama yake, aliyekwisha kumwona ng'ombe huyo, akapiga simu kutoka kazini Nyakato: "Shikamoo baba. Hebu mnyooshee, mtoto asije akachekwa." Mkono wangu ukaondoka wenyewe. Kabula akamficha ng'ombe kifuani. Basi nikaurudisha mkono, nikaukalia.

"Babu, mbona umekalia mkono?"

"Umezeeka, unahitaji kupumzika."

Akaenda naye shuleni hivyohivyo. Walimcheka, na alama alizopata hazina cha kumtangazia jirani. Lakini ng'ombe kamweka dirishani, na jana kaniuliza udongo mzuri unapatikana wapi.

Mwanangu, tunapenda kusema udongo uwahi ungali maji, tunasahau kuuliza uwahiwe kwa mkono wa nani. Mtoto akikuletea kitu kilichopinda, muulize habari zake, mtafutie jiwe la kukiegemeza, kisha kaa. Kukaa ni kazi ngumu. Mimi bingwa wa kukaa ndiye nakwambia. Kucheka watacheka, na watachoka. Mkono ukishagoma ndio haurudi.

Nami nimechoka, niache nipumzike. Mungu akujaalie dirisha lililojaa ng'ombe waliopinda, na akupe kiti kipana, mikono yako yote miwili ipate pa kukaliwa.