Jogoo Niliyempelekea Mkwe Msituni

Mpaka leo nikipita sokoni Soni wauza kabichi wananyamaza kwanza, halafu ndio wanacheka, na mimi najua wanachocheka, kwa hiyo bora nieleze mwenyewe kuliko kuwaachia wanaoongeza chumvi: ndiyo, ni kweli, mimi Mwanaidi, bibi mwenye wajukuu, nilisimama mbele ya mkwe wangu asubuhi kweupe bila kanga, na aliyenivua ni jogoo.

Sasa mniache nianze mwanzo.

Kijijini kwetu, juu ya Soni, tuna kikundi cha kutazama ndege. Alikianzisha Mwalimu Eliapenda, binti anayefundisha shule ya msingi, na mimi niliingia kwa sababu rafiki yangu Mama Kaniki aliingia, naye Mama Kaniki aliingia kwa sababu walikuwa wanagawa fulana (sisemi uongo, kamuulizeni). Lakini ukishaingia unanogewa. Tunaotesha miche ya miti ya asili, tunawabembeleza vijana waache manati, na baridi ikishaondoka, mwezi wa kumi hivi, miti ikitoa majani mapya na ndege wakianza kushika viota, tunapanda msituni asubuhi na darubini moja tunayopokezana kama kikombe cha kahawa msibani.

Mwaka ule tulikuwa na hondohondo. Ni yule ndege mkubwa mweusi mwenye pembe juu ya mdomo, akiruka mabawa yanavuma unadhani mvua inakuja. Mke akitaka kutaga anaingia kwenye tundu la mti mkubwa, mlango unazibwa kwa udongo, unabaki ufa mwembamba tu wa kupitisha mdomo, na humo anakaa mpaka watoto wapate manyoya, kazi ya kumlisha ni ya mume. Mwalimu aliponieleza nilisema huyu basi ni mzazi yuko kwenye arobaini yake, na tangu hapo nikampenda kama mkaza mwanangu.

Shida ni mti. Hondohondo wetu alijifungia kwenye mnyasa uliopo mwisho wa shamba la Mzee Shechonge, na Mzee Shechonge ni mkwe wangu, baba yake Zubeda aliyeolewa na mwanangu Hamisi. Alitaka mbao za nyumba ya mwanawe wa mwisho, na wapasua mbao walishaambiwa waje Jumatatu. Mwalimu alimwendea kwa adabu zote, akarudi na jibu hili: "Mwanangu, hilo tundu ni tupu. Mimi nimelitazama, nimeona udongo. Ndege gani anakaa ndani ya udongo?"

Basi kikundi kikakaa, kikaona niende mimi.

"Mkweo anaweza kumkatalia Mwalimu," alisema Mama Kaniki, "lakini wewe atakukataliaje, na binti yake analala kwako?"

Nikaenda, nikaongea nikiwa nimeinamisha kichwa, naye akakubali kitu kimoja tu: Jumamosi asubuhi atakuja akae nasi chini ya mti. Akimwona ndege kwa macho yake atafikiri upya, asipomwona msumeno utafanya kazi yake Jumatatu. Nikashukuru, nikaondoka. Laiti ningeishia hapo!

Kwetu mkwe ni mtu wa kuogopwa. Hukai naye mkeka mmoja, humkazii macho, na ukimwomba jambo kubwa huendi mikono mitupu. Mimi nilikuwa na jogoo wangu mwekundu, mzuri, mwenye kifua kama diwani wa kata, nikasema huyu ndiye wa kumlainisha mkwe. Kumpeleka nyumbani kwake sikutaka, maana angepokelewa na mkewe na mzee angekuja kujua habari zake akiwa anamtafuna. Nikaamua nitamkabidhi palepale chini ya mti, mkononi, mbele ya watu.

Jumamosi Mwalimu alitukusanya njiani akatukumbusha sheria. Akakataza nguo za kung'aa, manukato, kukohoa, simu, na mazungumzo ya Mama Kaniki. Jogoo hakumkataza. Nilikuwa nimemfunga miguu kwa kamba ya ugomba, nikamtia kwapani ndani ya kanga, ametulia kama mtoto aliyeshiba. (Na nguo za kung'aa nilikuwa nazo, lakini kwa ndani: chini ya kanga nilivaa suruali ya mazoezi ya Hamisi, nyekundu, yenye namba tisa pajani, kwa sababu asubuhi kule juu umande unakata miguu na siafu hawana adabu. Nilijua nani ataiona?)

Mkwe akaja na kofia yake nyeupe ya kushona kwa mkono. Tukaamkiana kwa adabu, Mwalimu akampa shikamoo, tukakaa kwenye majani, yeye mbele, mimi nyuma kidogo kama inavyotakiwa. Kimya. Tukakaa mpaka makalio yakafa ganzi. Mume wa hondohondo hatokei. Mkwe akaanza kutazama njia ya kurudi, na mimi naona msumeno ule mbele yangu na mama wa watu yumo ndani na mayai yake, hawezi hata kukimbia.

Ndipo jua likapenya kwenye majani, likampiga jogoo usoni, na jogoo, jamani, akawika. Siyo kuwika kwa kubahatisha, aliwika kama siku ya Idi.

Watu wote wakageuka. Mama Kaniki akaninong'oneza, "Mama Hamisi, ni tumbo hilo?"

Mkwe hakugeuka, mtu wa heshima. Alisema tu, taratibu, "Msitu umeendelea siku hizi, una mpaka majogoo."

Hapo ningesimama nikasema mkwe nisamehe, hii ni zawadi yako, yangeisha. Mimi nikaona nimzibe mdomo. Nikamkandamiza kwa kanga, naye akafurukuta, ugomba ukakatika, akapata miguu yake yote miwili, na badala ya kutokea juu alikoingilia akatokea chini, anashuka tumboni kwangu na kucha zake huku anatafuta mlango! Nikaruka. Nikazunguka. Mwalimu ananiambia kwa mikono "kaa, bibi, kaa," nitakaaje na jogoo yuko kiunoni? Nikahisi fundo la kanga linaachia, na kabla sijalishika jogoo katoka mbio kuelekea kwenye mnyasa na kanga yangu shingoni kama bi harusi aliyeghairi.

Nikabaki pale. Fulana ya kikundi juu, namba tisa chini.

Mkwe aligeuka kuona kuna nini, akaona, akasema "Astaghafirullah!" na akanigeuzia mgongo haraka kuliko askari wa gwaride. Kwa hiyo akawa anatazama mti. Na kwa kuwa mtu mzima hawezi kumwacha mkwe wake katika hali ile, akaenda moja kwa moja kuniokolea kanga, huku akisema bila kugeuka, "Mkwe, usisogee, nakuletea, nakuletea, na mimi sijaona kitu."

"Mimi nimeona," alisema Mama Kaniki, "ni mshambuliaji."

Jogoo alikuwa ameshafika kwenye shina la mti anaparua mbegu zilizodondoka. Mkwe akainama, akamkamata jogoo kwa mkono huu na kanga kwa mkono ule, akawa ndio ananyanyuka, na hapo kutoka kule juu, kwenye ule ufa wa udongo, kikatoka kitu kwa kasi kama maji ya bomba, zambarau tupu, kikamwangukia pwaa! katikati ya kofia.

Maana mzazi yule nyumba yake ni safi. Uchafu anautupa nje, dirishani.

 Nilisema moyoni, Mwanaidi, umemaliza, mti umekwenda, na undugu umekwenda. Mkwe akavua kofia, akaitazama. Akainua uso akautazama ufa. Na pale kwenye ufa, wallahi, ukachungulia mdomo, ukarudi ndani.

"Kumbe yumo!" alisema mkwe, sauti ya mtu aliyekuta mgeni chumbani. "Yumo ndani! Mwalimu, yumo!"

Akarudi kinyumenyume, akanirushia kanga bila kunitazama, akakaa na jogoo mapajani, na hakutaka tena kuondoka. Hatukungoja sana, mabawa yakavuma juu yetu na mume akatua, koo limejaa, akaanza kutoa tunda moja moja na kulipitisha kwenye ufa kwa upole.

"Na huyu baba hachoki?" aliuliza mkwe kwa kunong'ona.

"Hachoki, mzee, mpaka watoto watoke," alijibu Mwalimu.

"Baba Zubeda," Mama Kaniki hakuweza kujizuia, "siku alipozaliwa Zubeda wewe ulileta hata ndizi?"

Mkwe akaanza kucheka. Alicheka mabega yakitikisika, jogoo naye anatikisika, tukacheka wote mpaka mume wa ndege akahamia tawi la juu, akatusubiri tumalize. Halafu mkwe akasema wapasua mbao atawapeleka kwenye mikaratusi yake ya bondeni, na mnyasa huu asiuguse mtu. "Siwezi kumtoa mzazi ndani," alisema. "Tena mzazi mwenye shabaha."

Watoto wa hondohondo walitoka salama na tuliwaona wakiruka. Mkwe sasa ni mwanakikundi na anagombea darubini kuliko mtoto. Zubeda mpaka leo akinipakulia chakula anaangalia pembeni asicheke. Mimi nimeapa: kuomba nitaomba tena, hata kwa diwani, mti ukiwa na ndege ndani yake. Lakini zawadi ya mkwe tangu siku ile ni sukari, naipeleka nyumbani kwake, nikiwa nimejifunga mkanda juu ya kanga. Sukari haiwiki, na ukiiangusha haikimbii na nguo zako.