Kisu cha Mzee wa Fairfax

Niliondoka Langley Park, mtaa wetu wa wahamiaji, kwa tamaa, nisiwadanganye. Nyambura, Mkenya ninayesali naye, anamhudumia mzee wa Kijapani kule Fairfax. Alinipigia simu: "Deo, mzee anauza kisu cha ukoo wao, na hata bei hajali." Mimi huuza vitu vya kale mnadani. Nikabeba begi.

Saa mbili asubuhi, mvua ya baridi. Mabasi mawili, treni mbili. Nilihesabu vituo mara mbili, havikupungua.

Saa tano, Fairfax. Nyambura alinifungulia mlango, na mzee akanipokea amefunga tai. Ukutani palikuwa na alama za picha zilizoondolewa: saba. Nikahesabu tena: saba. Nikadhani anahama.

Kisu kilikuwa kifupi, ala nyeusi. Nikauliza kilifanya kazi gani, maana historia hupandisha bei. Akaeleza polepole. Mababu zake walikuwa askari wa mabwana wakubwa. Askari wa tabaka lile akishindwa au akikosa, alijiua kwa kanuni maalumu, mbele ya mashahidi. Waliita seppuku. Baadaye ikawa hukumu: mtu wa kawaida aliuawa, askari "aliruhusiwa" kujiua. Serikali iliifuta zamani.

"Heshima kubwa," nikasema.

"Ndivyo wasemavyo. Babu wa babu yangu aliamriwa. Mkewe hakuulizwa."

Nikataja nusu ya bei yake ya mnadani. Akakubali. Sijazoea kukubaliwa upesi hivyo, nikashuka tena, kisha nikafanya ile yetu ya sokoni: nikafunga begi, nikaelekea mlangoni taratibu, nikingoja kuitwa.

Aliniita, lakini si kwa sauti ya muuzaji.

"Tafadhali usikiache humu. Tangu mke wangu afe, nakitazama kila siku."

Nyambura akaweka sahani chini. "Wewe Deo, chukua hiyo kitu! Bei utaongea na Mungu." Akavuta kiti, akamshika mzee mkono. "Mzee, unafikiria kujiua?"

Mzee akaitikia kwa kichwa. Nyambura akampigia simu binti wa mzee hapo hapo.

Tulikaa naye, chai ikapoa, hadi binti alipofika saa tisa na kumkumbatia.

Jioni Nyambura alinirudisha kwa gari, kisu kikiwa kimefungiwa nyuma. Miaka yote sokoni sikuwahi kujiuliza kwa nini mtu habishani bei. Sasa najiuliza.

Jumamosi iliyopita nilirudi Fairfax bila begi. Picha sita zimerudi ukutani. Nilihesabu mara mbili. Ya saba, ya mkewe, mzee alikuwa ameishika, akinitafutia nyundo.