Sega la Mwisho

Leo wadogo zangu wamenipa kisu, na harufu ya asali ya miombo imenirudisha kwenye mkeka wetu wa Ng'ambo. Baba, mwalimu wa hesabu mwenye vumbi la chaki hata kwenye nyusi, alikuwa na sheria moja: anayekata sega huchagua mwisho. Siku moja alikata yeye, vibaya kabisa. Tukagombania vipande vikubwa, akabakiwa na kipande kama ukucha.

"Baba, na ualimu wote huo hujui kugawa sawa?" nikamcheka.

"Mkono umeteleza tena, mwanangu," akasema, akilamba kisu.

Jioni hii tumetoka makaburini kumzika, nikakata mimi. Wadogo zangu wote wamechukua vidogo. Kile kikubwa wameniachia, nami nalamba kisu.