Sura Niliyoipeleka Bila Kumsomea Mwenyewe

Kosa kubwa la kazi yangu nililifanya kwa maneno mawili: "Sawa, Mhariri." Nilikuwa nimesimama stesheni ya treni ya Minto, hapa Sydney, simu sikioni. Mhariri mkuu kule Dar es Salaam alinitaka nipeleke mswada wiki ile ile, bila kumsomea kwanza mwanamke aliyenipa kisa chake. Ningepaswa kukataa. Lakini nianze na kazi yenyewe, maana nyinyi vijana mnaoandika huniuliza kila mara visa navitoa wapi.

Mimi, Baba Salma, ni mtu wa Tanga, elimu yangu kidato cha nne. Hapa Sydney nilianzia ghala moja la Minto, kupanga maboksi juu ya paleti, yale majukwaa ya mbao ya kubebea mizigo. Siku ya kwanza msimamizi wa zamu, Msamoa mwenye kifua kipana na sauti ndogo, alinikuta ninaandika nyuma ya lebo ya boksi. Nikajua kazi imekwisha. Akaniuliza ile ni orodha ya nini. Nikamwambia si orodha, ni bibi harusi anayetoroka. Akataka kujua kama anafanikiwa. Nikasema sijui bado. Tangu hapo kila Ijumaa aliniletea lebo zilizoharibika, akiulizia yule bibi harusi kafika wapi. Basi riwaya yangu ya kwanza nzima ilizaliwa nyuma ya lebo.

Jioni lebo zilihamia daftarini. Rasimu, yaani andiko la kwanza lenye makosa yake yote, niliiandika kwa penseli ndani ya treni, kwa sababu treni haina kiti cha kulala vizuri wala mke wa kukuita mezani. Sikutafuta mambo makubwa. Nilitazama mtu anavyolikwepa swali, anavyokunja risiti, anavyosema "mimi sina neno" huku ana maneno sabini. Halafu ikaja ile siku mhusika anakataa kufanya ulichompangia! Mara mbili nimepitiliza kituo kwa raha hiyo, nikachelewa kazini, na sikujuta.

Nilikuwa na kanuni moja. Mwenye kisa lazima asomewe kabla mswada haujaondoka. Nilikwenda kwake, nikanywa chai yake, nikasoma kwa sauti, naye akifuta, kimefutika. Mzee mmoja wa Pemba alinifutia kurasa kumi na nne kwa kuwa nilimfanya marehemu mkewe mvivu wa kupika. Nilinung'unika njia nzima. Riwaya ikawa nzuri zaidi.

Mama Riziki alikuwa Mkongo wa Uvira, tukifunga paleti pamoja, yeye plastiki, mimi kamba. Aliishi mtaa wa Mount Druitt. Siku moja nyumbani kwake, tukila sombe, kisamvu cha kwao, alinieleza kwamba bintiye Riziki hakumzaa. Alimwokota njiani wakati wa kukimbia vita, mtoto ncha ya sikio imekatika, amekaa kando ya mama yake aliyekufa. Riziki hakujua. Mama alisema atamwambia mwenyewe, wiki ya harusi ya binti, kwa maneno yake.

Niliandika sura ile kwa siku tisa. Sijawahi kuandika vile, kabla wala baada. Penseli ilikuwa inanitangulia. Nilimtumia mhariri sura hiyo peke yake aionje; alipoisoma alipiga simu asubuhi hiyo hiyo.

"Ukimsomea atafuta," alisema. "Akifuta, huna riwaya. Badilisha majina, inatosha."

Nikabadilisha majina. Nikabadilisha mji. Sikio nikaliacha, kwa sababu ndiyo ilikuwa sentensi yangu bora. Hilo mhariri hakuniambia, nililiamua mwenyewe.

Kitabu kilipofika Sydney, dada mmoja wa kanisani kwa kina Mama Riziki alikuwa akikisoma kwa sauti na kuwatumia wenzake kwenye simu, wasikilize wakipika. Shangazi wa mchumba wa Riziki akasikia habari ya sikio. Akamuuliza Riziki mbele ya watu. Riziki, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hujibu kwa Kiingereza, akaenda kumuuliza mama yake.

Nilipanda treni kwenda Mount Druitt kuomba radhi. Mama Riziki alinifungulia, hakunikaribisha.

"Baba Salma, bote uliwasomea. Ni miye tu hukunisomea. Juu ya nini?"

Nikasema mhariri alikuwa na haraka.

"Muhariri alikulaka sombe kwangu?"

Akafunga mlango taratibu, kama mtu anayefunga chumba cha mgonjwa.

Sasa nimestaafu, magoti yamechoka, asubuhi zote ni zangu. Bado nikiona mtu anakunja risiti moyo unaruka, mkono unatafuta penseli. Ninyi mnaoanza, kazi hii ni tamu kuliko nilivyoweza kueleza hapa. Wasomeeni watu.

Riziki alihamia Perth, upande wa pili wa Australia, harusi ikafanyika huko bila mama yake, na mpaka leo hawajaonana. Mama Riziki hajanisemesha tena. Watu wetu wakiniona msibani au harusini hubadilisha mazungumzo, na wana haki. Riwaya ile bado inauzwa. Sijaandika nyingine, kwa sababu hakuna mtu anayenisimulia kitu.