Mtego Ndani ya Kanzu

Mume wangu alipokwenda Unguja kutafuta kazi, aliniachia kanzu yake moja. Panya wakaanza kuitafuna kila nikienda shamba. Niliona nikiipoteza hiyo, nimempoteza na yeye. Sasa mwenzangu, panya hategwi peupe. Nikauficha mtego wa chuma ndani ya mkunjo wa kanzu, pamoja na kipande cha papa.

Jana asubuhi mume wangu akarudi. Kwa furaha nikakimbilia jikoni kuchemsha kahawa, naye akaingia chumbani kubadili nguo.

“Yalaa! Kidole changu!”

Mama mkwe alifika kwanza. Akamnasua, kisha akainusa kanzu na kunigeukia mimi.

“Panya hafuati nguo kavu. Hii inanukia mafuta yako ya nywele, mwanangu. Kumbe mwaka mzima ulikuwa ukiilalia?”

Mume wangu akasahau kidole, akanitazama. Sikuwa na pa kujificha.